Kumkumbuka Rafiki Aliyetutangulia



Mwaka wangu wa uchungaji nilipangiwa kufundisha dini shuleni pamoja na katekista mmoja, mtu mzima. Siku ya kwanza nilimwaga falsafa yote ninayoijua. Tulipotoka nje akaniuliza, "Frateri, hivi watoto wameelewa nini pale?" Nilinuna wiki nzima. Baadaye akawa ndiye ninayempelekea kila somo alisikilize kwanza, na ndiye niliyemweleza mashaka yangu kuhusu wito. Alipofariki niliweka picha yake kwenye status na maneno matamu, basi. Lakini moyo haukutulia. Sikuwahi kumwambia kwamba siku ile alikuwa sahihi.

Aliyenisaidia ni Mt. Gregori wa Nazianzo. Yeye na Mt. Basili Mkuu walikuwa watu wa Kapadokia, katika Uturuki ya leo, wakasoma pamoja Athene katika karne ya 4. Wanafunzi wa huko walikuwa na desturi ya kuwasumbua wageni. Gregori, aliyetangulia kufika, aliwaomba wamwache Basili. Basili alipoanza kuuchoka mji ule, Gregori akamtia moyo. Aristotle anasema kuna urafiki wa faida, wa raha na wa wema, na wa wema ndio unaodumu. Hawa wawili walianzia kwenye vitabu, wakafika kwenye kumtafuta Mungu pamoja.

Ila urafiki wao ulipata jeraha. Basili alipata kuwa Askofu wa Kaisarea mwaka 370. Miaka miwili hivi baadaye, katika mvutano wa mipaka ya majimbo, alimweka Gregori kuwa askofu wa Sasima, kimji cha njia panda, vumbi na kelele tupu. Gregori alijiona ametumiwa. Barua zake za wakati ule zina uchungu wazi.

Basili alifariki mwaka 379. Gregori alikuwa mgonjwa, hakuweza kumzika. Baada ya miaka michache alitoa hotuba ndefu ya kumkumbuka. Anasimulia Athene, anasifu makao aliyoyajenga Basili kwa ajili ya maskini na wagonjwa. Halafu, mbele ya watu wote, anataja Sasima: jambo hilo bado linamuuma. Lakini anaongeza kwamba Basili aliutanguliza utumishi wa Mungu hata mbele ya urafiki. Na anakiri kwamba rafiki yake bado anamwonya na kumrekebisha katika ndoto za usiku anapoteleza. Mwisho anamwomba amwangalie kutoka mbinguni.

Hapa tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, kumbuka kwa ukweli. Marehemu hahitaji tumfanye malaika. Kusamehe siyo kujifanya hukuumia. Ni kulitaja jeraha bila kuiacha shukrani.

Pili, muombee. Kanisa linatufundisha kuwaombea marehemu (taz. 2 Mak 12:43-46). Status inadumu saa 24. Toa nia ya Misa kwa ajili yake.

Tatu, kubali aendelee kukurekebisha. Mimi hadi leo, kabla ya kufundisha, najiuliza lile swali lake: watoto wataelewa nini hapa? Nadhani hiyo ndiyo samahani yangu kwake.

Na walio hai je? Yupo mtu aliyekuambia ukweli ukamnunia? Mpigie leo. Usisubiri msiba.

Kanisa linawaadhimisha Basili na Gregori siku moja, tarehe 2 Januari. Waliokwaruzana duniani wanaheshimiwa pamoja altareni!

Tusali: Ee Bwana, uliyewaita wanafunzi wako marafiki (taz. Yoh 15:15), uwapokee wenzetu waliotufundisha kazi na imani. Utusamehe tuliyochelewa kuwaambia, utukutanishe nao kwako. Amina.