Kumpandishia Mfuataji kutoka Viti vya Kati

Swali: Bwana, katika poka ya Texas Hold'em nimekaa viti vya kati, na aliyenitangulia amelipa dau kubwa la lazima tu, asipandishe. Nimfahamu vipi?

Jibu: Aghalabu karata zake zampendeza kiasi cha kutaka kuziona zile tatu za mezani, wala hazimpi ujasiri wa kupandisha, maana mwenye jozi ya ree au ya wafalme, ila awe anatega mtego, hupenda dau lizidi. Kusudi lako basi liwe kubaki naye peke yake, na hili ndilo wengi walisahaulo, wakidhani kupandisha ni kutangaza ubora wa karata tu, ilhali hapa ni kuwaondoa waliobaki nyuma, upate kushindana na mmoja aliyekwisha kudhihirisha udhaifu, nawe ukinena baada yake katika kila duru. Hata jozi ya ree, ikikabiliana na mtu mmoja mwenye karata zozote zile, hushinda takriban mara 85 katika 100. Ikikabiliana na watano, hushinda karibu na nusu tu.

Swali: Nipandishe hadi kiasi gani?

Jibu: Mara tatu ya dau kubwa, na dau moja zaidi kwa kila mfuataji. Madau ya lazima yakiwa 50 na 100, mfuataji mmoja atakubidi 400, wawili 500. Kupandisha hadi 200 ni upotevu mtupu, kwani hataondoka mtu.

Swali: Kwa karata zipi?

Jibu: Hapa ndipo viti vya kati vidaipo hadhari. Aliye kiti cha mgawaji amebakiza nyuma yake wawili tu wa madau ya lazima. Lakini wewe, katika meza ya watu 9, waweza kuwa na watano ambao hawajanena neno, na yeyote kati yao huenda ameshika jozi kubwa. Mimi hupandisha kwa jozi ya tisa na zilizo juu yake, kwa ree na mfalme, kwa ree na malkia, na kwa ree na ghulamu au mfalme na malkia zikiwa za aina moja, mathalani zote kopa. Ree na ghulamu za aina mbili nazipandisha juu ya mtu aliyezoea kuingia na kila karata. Ama juu ya mtu mzito aliyeingia kutoka kiti cha kwanza, nazitupa bila majuto, kwa kuwa karata atakazonifuatia, kama ree na malkia, ndizo hasa zinizidizo, na ree ikitokea mezani mimi ndiye nitakayelipa.

Swali: Na jozi ndogo?

Jibu: Jozi ya nne hupata nne ya tatu katika karata zile za mezani kiasi cha mara 12 katika 100. Wafuataji wakiwa wawili au zaidi, na akiba zenu nene, fuata kwa dau moja. Akiba zikiwa chache, tupa.

Swali: Nikipandisha, kisha mfuataji yule yule akanipandishia?

Jibu: Huo ndio mtego nilioutaja. Afuataye kwanza kisha akapandisha, hasa kutoka kiti cha mwanzo, adhaniwe ana ree mbili au wafalme wawili. Ree na malkia zitupe papo hapo. Ukishika malkia wawili pana ugumu wa kweli, wala sitoi hukumu moja: ukiwa umekwisha kumwona akifanya hivyo kwa karata dhaifu, simama naye, ikiwa ni mara yake ya kwanza usiku huo, mwachie zile 400.