Viazi vya nyumbani, bei ya kuumiza

SWALI: Naishi Gitega, Kigali. Viazi vya Kinigi hulimwa hapa hapa Rwanda. Mbona bei inanishinda?

JIBU: Shamba ni letu, dada, lakini mafuta ya lori hutoka nje, na mbolea nyingi pia. Kutoka mashambani Musanze hadi genge la mtaani kwako, kiazi hupita kwa mkusanyaji, mwenye lori na muuzaji wa jumla. Kila mmoja ana chake. Aprili 2023 serikali iliweka kikomo cha faranga 460 kwa kilo ya Kinigi. Hatua njema, ila amri haijazi gunia. Changeni majirani, mnunue kwa jumla katika soko la Nyabugogo msimu wa mavuno. Vihifadhini gizani, pakavu. Vilivyogeuka kijani msivile.