Mtandao Mzima Ndani ya Kompyuta Moja

Fundi wa mitandao anayeanza kazi hana pa kufanyia mazoezi. Ruta ya zahanati iko kazini, ya shule iko kazini, ya duka la jumla nayo iko kazini. Ukibadilisha kitu usichokielewa, watu wanakaa foleni hadi ukirudishe kilivyokuwa. Kwa hiyo vijana wanaoniuliza wanunue ruta gani ya kujifunzia huwa nawajibu: usinunue kwanza. Kompyuta mpakato yenye GB 8 za RAM inabeba ruta pepe tano au sita bila shida. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuishi na maabara pepe nyumbani.

1. Anzia kwenye BIOS

Prosesa za Intel zilianza kuja na VT-x, uwezo wa kuendesha kompyuta pepe, mwaka 2005. AMD wakafuata mwaka 2006. Ila kompyuta nyingi hutoka kiwandani uwezo huo ukiwa umezimwa. Dalili yake: VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta pepe, inakuonyesha mifumo ya biti 32 tu, au inakataa kuwasha ya biti 64. Kabla hujamaliza bando kwa kupakua programu upya, fungua Task Manager uangalie sehemu ya prosesa. Pameandikwa pale kama uwezo umewashwa. Kama haujawashwa, uwashe kwenye BIOS.

2. Ruta haili RAM nyingi

Anayejaza maabara yake Windows tatu atakwama mapema. Ruta pepe ya MikroTik, inayoitwa CHR, inatosheka na MB 256, kwa hiyo ruta tano hazifikishi hata GB 1.5. Leseni yake ya bure hubana kasi hadi megabiti 1 kwa sekunde kila kiolesura, na kwa kujifunza hiyo inatosha kabisa. Nyingine ninayoipenda ni Linux isiyo na madirisha, iliyowekewa FRRouting: amri zake zinafanana sana na za Cisco.

Na hapo niseme wazi. Christophe Fillot alipoandika Dynamips, na baadaye Jeremy Grossmann akajenga GNS3 juu yake, mafundi wa dunia nzima walipata njia ya kuendesha mfumo wa ruta za Cisco kwenye kompyuta ya kawaida. Lakini mfumo wenyewe una leseni, na nakala zinazozunguka kwenye flashi si halali. Sioni sababu ya kuzigusa wakati Packet Tracer hutolewa bure kwa anayejisajili Networking Academy, na FRRouting ni huru kabisa.

3. Elewa aina za muunganisho kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa. Washa kompyuta pepe mbili za VirtualBox zilizoachwa katika hali ya NAT, kisha ziulize anwani zao. Zote mbili zitajibu 10.0.2.15. Mtu anadhani anwani zimegongana, anaanza kuhangaika na DHCP. Hakuna mgongano: kila moja imefungiwa ndani ya NAT yake, ina lango lake la 10.0.2.2, na haijui kama mwenzake yupo. Hali hiyo ni ya kutokea nje kwenda intaneti tu. Viungo kati ya ruta na ruta viwekwe kwenye mtandao wa ndani, ambao VirtualBox huuita Internal Network, na kila kiungo kipewe jina lake.

Hali ya daraja, inayoiweka kompyuta pepe moja kwa moja kwenye mtandao wa nyumbani, naitumia kwa tahadhari. Seva ya DHCP ikiwashwa humo, simu za familia nzima zinaweza kuchukua anwani kutoka maabara na kukosa intaneti. Vilevile, juu ya Wi-Fi daraja husumbua, kwa sababu kituo cha Wi-Fi hutarajia anwani moja ya MAC kwa kila kifaa kilichojiunga.

4. Chora kwanza

Karatasi na kalamu. Chagua anwani za ndani zilizotengwa na RFC 1918 ya mwaka 1996, ila si zile zile zinazotumiwa na ruta ya nyumbani. Nyumbani kukiwa 192.168.1.0, maabara ihamie 10.0.0.0. Kila kiungo cha ruta mbili kipewe /30, yenye anwani mbili tu za kutumika.

5. Vunja kwa makusudi

Mtandao unaofanya kazi haukufundishi sana. Zima kiolesura cha ruta moja, kisha mtazame jirani yake. Kebo inapounganisha ruta mbili moja kwa moja, jirani hujua papo hapo, maana taa ya kiolesura inazimika. Ndani ya maabara, swichi pepe ya katikati hubaki hai, kwa hiyo jirani anaendelea kutuma pakiti zisizofika popote hadi sekunde 40 za OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kupashana habari za njia, ziishe. Salamu hutumwa kila sekunde 10. Zikikosekana kwa muda huo, ndipo jirani hutangazwa amekufa. Wapo wanaoliona hilo kuwa kasoro ya maabara. Mimi naliona somo lake bora, kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye redio mbili za juu ya paa: mawasiliano ya hewani yanapotea, huku taa ya ruta bado inawaka.

Kisha weka MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, iwe 1500 upande mmoja na 1400 upande wa pili. Ping inapita, ruta zinasalimiana, lakini ujirani wa OSPF unakwama kwenye hatua ya ExStart. Ukishaliona hilo mara moja ukiwa na Wireshark mbele yako, hutalisahau ukiwa kwa mteja.

Ukiiva, jaribu BGP, itifaki ya kuelekeza njia kati ya mitandao ya watoa huduma. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kwa wakati mmoja, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Jenga mfano mdogo wa hali hiyo: ruta yako, watoa huduma wawili, na namba binafsi za AS kuanzia 64512. Zuia pakiti za njia moja kwa kichujio bila kuzima kiolesura. Ruta nyingi zitangoja hadi sekunde 180 kabla ya kuhamia njia ya pili. Kwa mtu anayelipa kwa simu dirishani, dakika tatu ni nyingi mno. Ongeza BFD, itifaki inayogundua haraka njia iliyokufa, rudia jaribio, ulinganishe.

6. Snapshoti si nakala ya akiba

Piga snapshoti kabla ya kila uharibifu; inakurudisha ulipokuwa ndani ya muda mfupi. Ila hutegemea faili mama: umeme ukikatika faili hilo likaharibika, snapshoti zote zinakwenda nalo. Mipangilio ya kila ruta naitoa kama maandishi na kuihifadhi kwenye flashi. Unapozalisha kompyuta pepe kutoka nyingine, agiza anwani mpya za MAC.

7. Toka nje ya maabara taratibu

Maabara pepe haikufundishi kubana RJ45, wala kupanga antena juu ya bati lenye upepo. Chukua adapta ya Ethernet ya USB, iunganishe na kompyuta pepe moja, na upande wa pili chomeka ruta halisi, hata iliyotumika. Iwekee OSPF, iingie kwenye mtandao wako kama jirani wa kawaida. Sasa ruta hiyo inafaa kununuliwa.