Kabla hujahamia Linux: vidokezo 6

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10. Windows 11 nayo inazikataa laptopu nyingi za zamani, kwa kuwa inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine hizo bado ni nzima, na kuzitupa ni hasara. Linux Mint, mfumo wa bure, huziendesha vizuri.

1. Anza kuhamisha programu, mfumo ufuate. Hapa ndipo wengi hukwama: wanabadilisha vyote siku moja, halafu wanarudi mbio kwa fundi awapigie window. Ukiwa bado kwenye Windows, weka LibreOffice na Firefox, uzitumie mwezi mzima kuandika barua na kupanga hesabu za duka. Zote mbili zipo kwenye Linux, kwa hiyo siku ya kuhama mkono utakuwa umeshazoea. Kama riziki yako inategemea Photoshop au faili za Excel zenye makro nzito, tafuta mbadala mapema. Usipoupata, usihame.

2. Ijaribu kutoka kwenye flashi. Faili la Mint lina karibu GB 3, hivyo tafuta Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, uokoe bando lako. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, kisha washa kompyuta ukibonyeza F12, F9 au Esc, kulingana na mashine. Mint itafunguka bila kugusa diski. Kagua kila kitu: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inachapa? Ukifunika laptopu kisha ukaifunua, inaamka? Kasi usiipime hapo, maana flashi huenda polepole kuliko diski.

3. Wi-Fi ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti yake. Ukishapata mtandao, fungua Driver Manager ilete draiva inayokosekana. Baadhi ya kadi za Broadcom husumbua hivi.

4. Nakili picha na nyaraka zote kwenye diski ya nje, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimefika salama. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

5. RAM ni ndogo? Chagua toleo la Mint liitwalo Xfce, ambalo ni jepesi kuliko lile la Cinnamon.

6. Ukimaliza kusakinisha, washa Timeshift, zana ya kuhifadhi nakala za mfumo, kabla ya kuongeza programu yoyote. Sasisho likivuruga mambo, utaurudisha mfumo ulivyokuwa jana. Programu mpya nazo zichukue kwenye Software Manager, usiziokote kwenye tovuti usizozijua.