Mzigo Usioonekana: Jinsi Homoni za Steroidi Zinavyogusa Ubongo na Mishipa ya Fahamu



Somo la toleo hili lilianzia kwenye meza ya ukaguzi pale Petite Barrière. Mama mmoja wa makamo alikuwa amepeleka nyanya Goma, naye alikuwa anarudi na kikapu kitupu. Ndani ya kitenge kilichokunjwa vizuri chini ya kikapu tulikuta makopo saba ya krimu ya kujichubua. “Afande, sina duka mimi,” alisema. “Ni ya kujipaka, mimi na binti yangu.” Tulimweleza, kama tunavyowaeleza wengi, kwamba krimu hizo huharibu ngozi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na usingizi je, mwanangu? Tangu nianze kujipaka silali. Siku moja nacheka na kulia bila sababu. Hayo nayo ni ya ngozi?”

Tulizichukua krimu zile kama sheria inavyotutaka, ila swali lake hatukuwa na jibu lake. Tuliwaendea wauguzi na waganga, tukauliza na kusoma. Haya ndiyo tuliyojifunza, na tunayaandika kwa kuwa tunaamini si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Homoni za steroidi ni nini?

Homoni ni ujumbe ambao tezi za mwili huutuma kwa njia ya damu. Steroidi ni ukoo mmoja wa homoni, nazo zote hutengenezwa kutokana na mafuta yaitwayo kolesteroli. Katika ukoo huo zimo kotisoli na aldosteroni, zinazotoka katika tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Zimo pia testosteroni, estrojeni na projesteroni, ambazo kwa sehemu kubwa hutoka katika viungo vya uzazi.

Kwa kuwa zina asili ya mafuta, steroidi hupita mahali ambapo vitu vingi huzuiwa. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi: kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimeshonwa kwa kubana sana, ili sumu na vijidudu visiingie. Sisi wa mpakani twalielewa jambo hili kwa urahisi. Ubongo nao una barrière yake, wenye ruhusa hupita na wasio na ruhusa hurudishwa. Steroidi nyingi hupenya hapo, zikaingia ndani kabisa ya chembe za ubongo, zikashikana na vipokezi vyake, kisha zikabadilisha jinsi chembe zinavyosoma maagizo ya urithi. Ndiyo maana athari zake huchukua saa au siku kujitokeza, na huchelewa kuondoka.

Mwaka 1968, mtafiti Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, mjini New York, walionyesha kwamba homoni ya tezi za adrenali ilipoingizwa katika miili ya panya ilikwenda kujikusanya katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Tangu hapo wataalamu walijua kwamba ubongo huamuru homoni, na wenyewe pia huguswa nazo.

Tuliyoyaona usiku wa Nyiragongo

Kotisoli si adui. Wengi wetu tunaukumbuka usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka. Maelfu ya watu walivuka kutoka Goma kuja Gisenyi, magodoro vichwani na watoto migongoni. Katika dakika za kwanza adrenalini, ambayo si steroidi, ilifanya mioyo ipige kwa kasi. Baada yake ikapanda kotisoli. Hiyo ndiyo iliyotoa sukari katika akiba ya mwili ili miguu isichoke, ikashikilia shinikizo la damu, na ikausaidia ubongo kuandika kumbukumbu za usiku ule kwa wino usiofutika. Anayesema hata leo anaona wekundu wa anga kana kwamba ni jana hatii chumvi.

Hatari ikipita, mwili hujirudi. Hipothalamasi, iliyo sehemu ya ubongo, na pituitari, tezi iliyo chini yake, hupima kotisoli iliyomo katika damu. Zikiona imetosha, huziamuru tezi za adrenali zipunguze kazi. Hata katika siku ya amani homoni hii ina saa zake: hupanda kuelekea alfajiri, wakati wafanyabiashara wetu wanapojipanga foleni, na hushuka karibu na usiku wa manane ili mtu apate kulala.

Shida huanza kotisoli isiposhuka. Hofu ya kila siku, deni lisilolipika au ugomvi wa nyumbani huweza kuiweka juu kwa muda mrefu. Usingizi hukatika, hasira huwa karibu, na kumbukumbu hulegea. Katika ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili wenyewe hutengeneza kotisoli kupita kiasi, madaktari wamepima hipokampasi na kuikuta imepungua. Habari njema ni kwamba baada ya matibabu, kotisoli iliposhuka, sehemu hiyo iliongezeka tena kwa kiasi fulani.

Dawa njema mahali pake

Mwaka 1948, daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa kotisoni mgonjwa aliyelemazwa na baridi yabisi, na mgonjwa akainuka. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Leo prednisoloni, hidrokotisoni na deksamethasoni huokoa watu wenye pumu kali, mzio na uvimbe wa ubongo. Mwezi Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza kwa takriban theluthi moja vifo vya wagonjwa wa Kovidi waliokuwa wakipumua kwa mashine.

Lakini tangu miaka ile ya mwanzo madaktari waliona kwamba dawa hizi hubadilisha pia tabia. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Boston na kuchapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba athari huenda na kipimo. Miongoni mwa waliopewa prednisoni isiyozidi miligramu 40 kwa siku, waliopata matatizo ya akili walikuwa asilimia 1.3. Kati ya miligramu 41 na 80 walikuwa asilimia 4.6. Juu ya 80 walifika asilimia 18.4. Matatizo hayo ni kukosa usingizi, furaha iliyopita kiasi, huzuni nzito, wasiwasi, na kwa wachache kuona au kusikia yasiyokuwapo.

Tambueni basi, ndugu zetu, kwamba vidonge vya deksamethasoni vinavyouzwa bila cheti cha daktari, vikisifiwa kuwa vinanenepesha na kuleta mashavu, ni dawa hizo hizo. Mashavu yanayovimba ni dalili kwamba steroidi imezidi mwilini, wala si ishara ya afya.

Krimu inavyofika ubongoni

Turudi kwenye kikapu cha yule mama. Neno mkorogo latokana na kukoroga, na kweli humo hukorogwa mengi: hidrokwinoni, zebaki, na mara nyingi steroidi kali iitwayo klobetasoli, ambayo pengine haitajwi kwenye kopo. Klobetasoli ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, na ni miongoni mwa steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote. Waganga huiandika kwa masharti: isizidi gramu 50 kwa wiki, wala wiki 2 mfululizo.

Tufanye hesabu. Mtu mzima anayejipaka mwili mzima hutumia gramu 20 hadi 30 kwa mara moja. Tukichukua 25, mara moja kwa siku, kwa wiki ni gramu 175. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu, na anayejichubua hujipaka kwa miezi na miaka. Imethibitishwa kwamba hata gramu 2 kwa siku za dawa hiyo huweza kuzizuia tezi za adrenali kufanya kazi yake. Ngozi iliyokwisha kukonda hupitisha zaidi, na ngozi ya uso, ya kwapa na ya mtoto hupitisha kuliko nyingine. Mama anayempakata mtoto mchanga kifuani akiwa amejipaka humpaka na mtoto wake.

Basi swali la yule mama lina jibu. Steroidi ikiingia kwa wingi katika damu, huvuka kizuizi cha ubongo. Kukosa usingizi, kucheka na kulia katika siku moja, kusahau na kukasirika huweza kutokana nayo. Zebaki nayo, ikiwamo, hudhuru mishipa ya fahamu kwa njia yake: huleta kutetemeka, ganzi na wasiwasi. Ni daktari tu anayeweza kusema ni ipi iliyomdhuru nani, kwa kumpima.

Msitupe kopo kisha mkakaa kimya

Hapa tunaomba msome kwa makini, maana ni jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua tulipoketi kwenye meza ile. Mtu akiwa na steroidi ya nje kwa miezi mingi, ubongo huhesabu kuwa kotisoli ipo ya kutosha na kuziamuru tezi zipumzike. Tezi zisizofanya kazi husinyaa. Siku krimu au vidonge vinapokatika ghafla, mwili hubaki bila cha nje wala cha ndani. Dalili zake ni uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu mtu anaposimama, kutapika, maumivu ya tumbo, kuchanganyikiwa, na hata kuzimia. Akipatwa na malaria, ajali au upasuaji katika siku hizo, hatari huongezeka, kwa kuwa ndipo mwili unapohitaji kotisoli zaidi.

Kwa hiyo kumnyang'anya mtu krimu na kumwambia “nenda zako” hakutoshi. Mtu aliyejipaka kwa muda mrefu, au aliyemeza vidonge hivyo kwa zaidi ya wiki chache, aende kituo cha afya na kopo au pakiti mkononi, aseme ukweli. Waganga watampima, na ikibidi watampunguzia hatua kwa hatua. Kituo cha afya si kituo cha polisi. Anayekwenda kutibiwa hatafuti kesi.

Homoni nyingine za ukoo huu

Vijana wanaonyanyua vyuma wajue kwamba sindano za kukuza misuli ni testosteroni au ndugu zake. Zikizidishwa, huweza kuleta hasira na ukali wakati wa matumizi, na huzuni nzito zinapoachwa.

Kwa upande mwingine, akina mama wasiogope bila sababu. Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vinavyotolewa vituoni vina homoni za ukoo huu, ila kipimo chake kinajulikana na mtoaji anawajibika. Mwenye wasiwasi azungumze na muuguzi. Asiache kwa sababu ya makala hii. Na mama aliyejifungua karibuni asidharauliwe akilia. Projesteroni, ambayo zao lake moja hutuliza ubongo, hushuka ghafla baada ya kuzaa. Huzuni ikipita wiki mbili, apelekwe kituoni.

Sheria na wajibu wetu

Mwezi Novemba 2018, Rais Paul Kagame aliandika kwenye Twitter kwamba vipodozi vya kujichubua vinadhuru afya, akaitaka Wizara ya Afya na Polisi ya Taifa kulishughulikia jambo hilo haraka. Tangu hapo misako imefanyika madukani na mipakani. Kifungu cha 266 cha Sheria namba 68/2018 ya tarehe 30/08/2018 kinamwadhibu anayetengeneza au kuuza vipodozi vilivyopigwa marufuku: kifungo hufika miaka 2, na faini ni kati ya faranga 3,000,000 na 5,000,000. Kwa mchuuzi wa nyanya, faini hiyo ni mtaji wa maisha mazima.

Tunawasihi basi:

1. Msikubali kubebeshwa kopo au pakiti ya mtu mwingine kwa malipo ya kuvusha. Atakayekamatwa ni mbebaji.
2. Msinunue dawa yoyote ya steroidi bila cheti cha daktari, wala msimpake mtoto krimu ya mtu mzima.
3. Aliyekwisha kutumia asiache ghafla kwa siri. Amwone kwanza mshauri wa afya wa mudugudu wake au aende kituoni.
4. Mkimwona mtu amezimia au amechanganyikiwa ghafla, pigeni 912 kwa gari la wagonjwa. Mkiwafahamu wanaoingiza bidhaa hizi kwa jumla, pigeni 112.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya mudugudu na vyama vya wafanyabiashara

1. Kwa nini dawa inayopakwa kwenye ngozi huweza kumnyima mtu usingizi?
2. Kuna tofauti gani kati ya kotisoli inayopanda usiku wa hatari na ile isiyoshuka miezi mizima?
3. Jirani yako amenyang'anywa krimu mpakani leo, naye ameitumia miaka mitatu. Utamshauri nini kabla ya wiki kwisha?

Yule mama tulimwona tena, foleni ya asubuhi, na nyanya zake. Tulimweleza haya yote pembeni, polepole, tukamwelekeza kituo cha afya. Alisikiliza, kisha akasema: “Nitakwenda na binti yangu.” Tunaomba kila atakayeisoma makala hii amwelekeze walau mmoja kwa njia hiyo.