Kiti cha Baiskeli

Wenzangu mnaokuja shuleni kwa miguu, msinicheke. Muhula uliopita nilisimama kipindi kizima cha hesabu, si kwa adhabu, bali kwa kuwa sikuweza kukaa. Kutoka kwetu hadi hapa ni kilomita 9 za mawe, na jioni zilezile. Baba alikwisha sema kwamba baiskeli ikinishinda ataiuza.

Kosa langu lilikuwa kufunga sponji nene juu ya kiti. Maumivu yakazidi! Fundi mmoja mzee alipoiona alicheka: “Mjukuu wangu, umekalia godoro.” Akanieleza kwamba mtu akaapo, uzito wake hubebwa na mifupa miwili ya makalio. Juu ya kitu laini mno mifupa hiyo huzama, na nyama ya katikati, yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo ibanwayo. Ndipo ganzi huingia. Basi yafaa kiti kigumu kidogo, chenye upana wa kuipokea mifupa.

Kisha tukapima. Kaa kitini, pedeli moja iwe chini kabisa, weka kisigino juu yake: mguu unyoke bila kiuno kuinama upande. Changu kilikuwa chini mno, hata miguu haikunisaidia kubeba uzito. Kiti kilale sawa na ardhi, ncha yake isielekee juu. Kiti cha ngozi usikikalie kikiwa kimelowa, maana hutanuka. Kikilegea, kaza nati iliyo chini ya ncha, kidogo kidogo.

Tulitumia spana moja tu. Sasa nakaa kipindi cha hesabu, ingawa alama zangu hazijapanda.