Maumivu ya Kifua Yasingoje Asubuhi

Leo yatupasa kujifunza neno moja juu ya moyo, maana katika ugonjwa huu saa chache huweza kuamua uhai wa mtu.

Moyo hulishwa kwa mishipa yake wenyewe. Ukuta wa mshipa uliojaa mafuta ukipasuka kwa ndani, damu huganda hapo na kuuziba. Ndipo sehemu ya moyo iliyonyimwa damu huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Kifua hubanwa kama kwa mzigo mzito, maumivu huenea mpaka mkono au taya, jasho baridi hutoka, na pumzi hupungua. Lakini wengine, hasa wazee, wanawake na wenye kisukari, huona kichefuchefu au uchovu tu. Kwa hiyo wengi husema, “Ni kiungulia,” wakalala.

Je, yafaa kumpa mgonjwa dawa kabla ya kuwa na hakika? Jibu lilitangazwa mwaka 1988. Katika hospitali 417 za nchi 16 walitibiwa watu 17,187 waliodhaniwa kupatwa na mshtuko wa moyo, wote katika saa 24 za kwanza. Wengine walipewa aspirini, wengine streptokinasi, dawa iyeyushayo donge la damu, wengine zote mbili, na wengine hata moja hawakupewa. Katika majuma 5, kwa kila watu 100 wasiopewa dawa hizo, ugonjwa wa moyo na mishipa uliwaua kama 13. Kwa waliopewa zote mbili, 8. Aspirini peke yake ilipunguza vifo hivyo karibu robo.

Basi twafahamu kwamba kudhani kwatosha kuanza.

1. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi, wala asitembee.

2. Atafune aspirini ya miligramu 300, asiimeze nzima, ipate kuingia katika damu upesi. Parasetamoli haifanyi kazi hii. Lakini asipewe mtu ambaye aspirini humdhuru, wala mwenye kidonda cha tumbo kitokacho damu, wala mwenye dalili za kiharusi.

3. Aspirini si badala ya hospitali. Huko ndiko kuna kipimo cha moyo na dawa ya kuyeyusha donge, nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Maswali ya kuzungumza pamoja: Katika mtaa wetu, ni nani mwenye gari tuwezaye kumwamsha usiku? Na aspirini imewekwa nyumbani mwa nani?